Salaita na Lugalo: Viwanja vya Vita Tunavyoviuza kwa Kilo

Asubuhi ya tarehe 12 Februari 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mizinga ya Waingereza ilianza kukipiga kilele cha Salaita, kilima kidogo kinachojitokeza kwenye nyika ya njia ya Voi kwenda Taveta. Huko juu kulionekana mahandaki. Makombora yakatua pale pale yalipoelekezwa.

Askari wa Kijerumani hawakuwa juu.

Walikuwa chini ya kilima, ndani ya mahandaki yaliyositiriwa na vichaka, wakiwangoja askari wa miguu wa Afrika Kusini wasogee. Wale wageni wa vita vya porini walipofika karibu, walipokewa kwa risasi ambazo hawakujua zinatoka wapi, na mchana wakarudi nyuma bila mpangilio. Waliozuia maafa yasiwe makubwa zaidi ni Wabaluchi wa jeshi la India, watu ambao wenzao hao walikuwa wakiwadharau kwa rangi yao. Upande wa Waingereza ulipoteza zaidi ya watu 170 siku hiyo, kwa kuuawa, kujeruhiwa au kutojulikana walipo.

Haya tunayajua kwa kuwa maofisa waliandika ripoti. Lakini kuna swali ambalo limenikaa rohoni kwa wiki kadhaa: ripoti zote zingeungua, kilima chenyewe kingeweza kutusimulia?

Kingeweza, tena kwa ukweli kuliko maofisa wale, ambao kila mmoja alikuwa na sababu ya kujitetea. Gololi za makombora zingejazana juu na kupungua chini. Maganda ya risasi za Kijerumani yangejipanga kwa mstari kwenye kitako cha kilima. Vichwa vya risasi za Kiingereza vingeonyesha washambuliaji walidhani adui yuko wapi. Kosa la siku nzima lingechoreka ardhini.

Ila kwa sharti moja: asiwepo aliyeyaokota.

## Kitako cha ganda

Ukilishika ganda la risasi la miaka ile, anza na kitako. Ganda la Kiingereza la inchi 0.303 lina ukingo uliotokeza nje ya mwili wake. La Kijerumani la milimita 7.9 halina ukingo huo. Lina mfuo uliochongwa kuzunguka kitako. La tatu ni nene zaidi, la milimita 11, nalo lina hadithi yake. Vita vilipoanza 1914, kombania nyingi za Kijerumani katika Afrika Mashariki bado zilikuwa na bunduki za modeli ya 1871, zinazotumia baruti nyeusi. Kila zikifyatuliwa, wingu la moshi linapanda na kumwonyesha adui mpigaji alipojificha. Kwa hiyo ukikuta maganda ya milimita 11 yamelala mahali, umekuta pia mahali palipofuka moshi, na unaweza kukadiria nani aliuona na kutoka upande gani.

Hifadhi hiyo ya silaha ilibadilika Aprili 1915, meli Rubens ya Wajerumani ilipovunja kizuizi cha Waingereza na kufika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Ilishambuliwa na kuzama, lakini shehena ikaopolewa: bunduki za kisasa na risasi zilizolowa maji ya chumvi, ambazo zilifunguliwa, baruti ikaanikwa, zikafungwa upya. Kazi hiyo ilifanywa kwa mikono, risasi moja moja.

Kitakoni kuna pia herufi na tarakimu za kiwanda na mwaka, na kwenye za Kiingereza alama ya toleo: VI ni kichwa butu, VII ni chenye ncha kali, kilichoanza kutumika 1910. Hapa wengi huteleza. Mwaka uliogongwa kwenye ganda unaweka mwanzo, hauweki mwisho. Ganda la 1917 haliwezi kuwa la Salaita ya Februari 1916. Ganda la 1912 linaweza kuwa la siku yoyote baada ya hapo, hata la mwindaji aliyepita miaka mingi baadaye.

Kisha kuna ile alama ndogo katikati ya kitako, pini ya bunduki ilipogonga fataki. Hakuna bunduki mbili zinazogonga sawasawa.

Aliyetaka kujua alama hiyo inafika wapi aliupata ushahidi Little Bighorn, katika jimbo la Montana, Marekani. Mwaka 1983 moto uliteketeza nyasi za uwanja ambako Walakota na Wacheyenne, wenyeji asilia wa Marekani, waliangamiza kikosi cha jeshi la Marekani kilichoongozwa na Custer mwaka 1876. Ardhi ikabaki wazi. Wanaakiolojia Richard Fox na Douglas Scott wakaipima kwa vifaa vya kutambua metali, kila kitu kikiwekewa bendera na kupimwa kilipolala kabla ya kuinuliwa. Maganda yalipowekwa chini ya hadubini, ilidhihirika kwamba ganda hili na lile lililokuwa mbali nalo yametoka kwenye bunduki moja. Ukiyaunga kwa mstari, unaona hatua za mtu mmoja vitani. Ikaonekana pia kwamba wapiganaji wa Kilakota na Kicheyenne walikuwa na aina nyingi za bunduki, nyingine za kufyatua kwa haraka kuliko za wanajeshi. Wazee wao walikuwa wamesimulia vita hivyo kwa zaidi ya karne moja, na waandishi wa historia wakawapuuza.

Ardhi ikawatolea ushahidi.

## Sentimita thelathini za juu

Uwanja wa vita hauchimbwi kama mji wa kale. Katika Kilwa au Gedi tabaka hulaliana, la karne hii juu ya la karne ile. Vita vya siku moja havina tabaka. Karibu kila kitu kiko ndani ya sentimita thelathini za juu, kimetawanyika kwenye maeneo ya kilomita za mraba. Kuchimba shimo la mita mbili kwa mbili hakukupi chochote. Unachohitaji ni kupita kila mahali kwa utaratibu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Vigingi na kamba vinaweka njia zilizoachana mita mbili. Mshika kifaa anatembea polepole, akipitisha sahani ya kifaa karibu na ardhi, kila pito likilalia kidogo lililotangulia. Kila mlio unawekewa bendera. Nyuma yake anakuja mchimbaji mwenye mwiko mdogo, anayefungua udongo kutoka ubavuni, kamwe si kwa kutumbukiza ncha juu ya mlio. Nyuma yao mpimaji anachukua nukta, kina na mwelekeo wa kitu kilivyolala. Kila kitu kinaingia mfuko wake wenye namba yake. Hakioshwi.

Udongo mwekundu wa Taita-Taveta una chuma kingi, na kifaa kisichosawazishwa na ardhi hulia kila hatua. Mshika kifaa akichoka na kelele anapunguza unyeti, na hapo anaanza kuvipoteza vitu vidogo vya kina kirefu. Kuna pia kishawishi cha kukifungia kifaa kisilie kwa chuma, kwa sababu misumari na mabati ya kisasa yanachosha. Ukifanya hivyo umefuta vipande vya makombora, seng'enge, viatu vya farasi na makopo. Bora kuchoka.

Kosa jingine halionekani mpaka mwisho, kwenye ramani. Unakuta sehemu tupu na kuandika kwamba hapakuwa na mapigano. Lakini je, ni tupu, au hapakupitiwa? Kila mshika kifaa lazima abebe GPS inayorekodi njia yake nzima, na eneo lirudiwe kwa kukata njia za awali, kwa sababu mzunguko wa kwanza hauvioni vyote. GPS ya simu inatosha kusema "mahandaki yako hapa". Haitoshi kusema bunduki tano zilikaa kwenye mstari huu, kwa sababu inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na mita hizo ndizo umbali kati ya askari na jirani yake.

Vitu vyenyewe vina tabia zao. Bunduki ya kawaida hutupa ganda pembeni, hatua chache tu. Bunduki ya rashasha ya Maxim hutoa maganda kwa mbele, chini ya mtutu, na kuacha lundo. Ukikuta mamia ya maganda kwenye eneo la meza moja, umepata kituo cha rashasha. Chora mstari kutoka pale na utaona mpigaji alichokuwa akikilinda. Risasi nzima ambazo hazikupigwa, zikiwa zimetapakaa kwa mbali, mara nyingi zinasema mtu alikuwa akijaza bunduki huku mikono ikitetemeka, au alikuwa akikimbia.

Gololi za shrapneli ni za madini ya risasi, za mviringo. Kombora moja la mzinga wa Kiingereza wa ratili 18 lilibeba gololi zipatazo 375. Hapo pana mtego katika Salaita: Wajerumani walikihama kilima bila kupigana tarehe 9 Machi 1916, baada ya jeshi la Jenerali Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, kuwazunguka, na mizinga ilikuwa imekigeukia tena. Gololi za Februari na za Machi hazina tofauti. Ndiyo maana simtegemei yeyote anayehesabu gololi peke yake, bila kuziweka pamoja na maganda na mahandaki.

## Mbuyu na mdunguaji

Karibu na Salaita upo mbuyu ambao wageni wote hupelekwa. Husimuliwa kwamba mwanamke wa Kijerumani alijificha humo akiwadungua Waingereza mmoja mmoja. Gome lina makovu.

Sipendi kuivunja hadithi ambayo watu wanaipenda, ila hii inaweza kupimwa. Mdunguaji aliyekaa siku nyingi angeacha maganda ya milimita 7.9 au 11 chini ya mti, ndani ya hatua chache. Risasi za waliomjibu zingekuwa ndani ya mti, na nyingine nyuma yake. Mbuyu huponya gome lake na kufunika majeraha, kwa hiyo kovu la nje halithibitishi lolote. Kifaa cha metali kikipitishwa kwenye shina kingesema zaidi. Tatizo ni kwamba ardhi inayouzunguka mti maarufu ndiyo ya kwanza kuokotwa. Umaarufu wa mbuyu huenda umekwisha kuufuta ushahidi wake.

Uingereza wamelipitia hilo kwa njia yao. Kwa miongo kadhaa wageni wa Bosworth, alikouawa mfalme Richard wa Tatu mwaka 1485, walielekezwa kwenye kilima cha Ambion. Upimaji uliotangazwa matokeo yake 2009 na 2010 ukakuta mizinga ilikuwa imerusha risasi zake kwenye mabonde, kilomita kadhaa kutoka pale. Kituo cha wageni kilikuwa kimejengwa mbali na vita vyenyewe. Kilichowaokoa ni kwamba mashamba yale yalikuwa yamebaki mashamba.

## Mizani

Shaba ya maganda inanunuliwa. Chuma cha makombora kinanunuliwa. Mnunuzi wa chuma chakavu hajali risasi ilitoka Salaita au kwenye bomba la maji. Anaangalia mshale wa mizani. Mchunga mbuzi anayeokota maganda hana kosa lolote la moyo: ana njaa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kile kipande kina thamani kikiwa pale pale kilipo. Hata mtu mwenye nia njema anayekusanya vitu nyumbani ili visipotee ameokoa kitu na kuupoteza ushahidi. Ganda lisilojulikana lilipolala linaweza kukueleza lilitengenezwa wapi, lakini halikuelezi lilifanya nini.

Tanzania kuna la ziada. Imani ya kwamba Wajerumani walizika dhahabu imewafanya watu wafukue makaburi, misingi ya maboma na kingo za reli. Imani hiyo ina chembe ya kweli, na hiyo ndiyo inayoikuza: mwaka 1916, huko Tabora, Wajerumani walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Zinapouzwa minadani, habari zinafika mbali. Basi mashimo yanachimbwa, na asilimia kubwa ya wanaochimba hawapati ila misumari.

Hapa nina shaka ambayo sijaimaliza. Kila tukipima uwanja na kuchapisha ramani ya tulichokuta, tunamchorea mfukuaji njia. Tukificha, wanakijiji wanaoishi pale hawafaidiki na wala hawana sababu ya kulinda. Ninakoelemea ni hivi: jina la uwanja, mpaka wake na simulizi lake viwe wazi kwa wote; nukta za kila ganda zibaki kwenye kumbukumbu za makumbusho. Na vijana wa pale pale ndio washike vifaa na kulipwa, chini ya kibali, kwa sababu wao ndio watakaobaki watafiti wakishaondoka.

## Miaka miwili kwenye sheria

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inakitambua kitu cha kale kinachohamishika kama kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Salaita ni 1916. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanganyika ya 1964, inayotumika Tanzania Bara, ilichora mstari wake kwenye 1863. Vita vya Lugalo ni vya 1891, vya Majimaji ni 1905 hadi 1907, vya Tanga ni 1914, vya Mahiwa ni 1917.

Zote ziko nje ya mstari.

Kwa maana hiyo ganda la Salaita halilindwi kwa umri wake. Njia iliyobaki ni mahali penyewe kutangazwa na waziri kwenye Gazeti la Serikali, na hilo linawezekana kwa sheria zote mbili bila kubadilisha herufi. Lakini tangazo linahitaji mpaka, na mpaka unahitaji mtu aliyepima. Mara nyingi kinachopendekezwa ni kilele cha kilima chenye mnara. Salaita imekwisha kutufundisha kwamba kilele ndicho mahali ambapo vita havikuwapo.

## Wasioacha chuma

Sasa nifikie kinachonisumbua kuliko vyote.

Njia yote niliyoieleza inasikiliza metali. Mwenye bunduki anaacha alama mia kwa saa moja. Mwenye mkuki anarudi nao nyumbani.

Tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo, karibu na Iringa, Wahehe wa Mkwawa waliuvamia msafara wa Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la kikoloni la Wajerumani, ambaye wenyeji walimwita Nyundo. Yalikwisha kwa dakika chache. Zelewski aliuawa na sehemu kubwa ya watu wake, na Wahehe wakatwaa bunduki zipatazo 300. Askari wengi hawakuwahi kufyatua. Ukipitisha kifaa pale utasikia kidogo sana, na mtafiti mzembe atasema hapakuwa na vita vikubwa. Ukweli ni kinyume chake: uchache wa maganda ndio ushahidi wa jinsi walivyoshtukizwa. Na kuna jambo ningependa sana lifanywe. Bunduki zile zilibaki mikononi mwa Wahehe, na Wajerumani waliivunja ngome ya Mkwawa ya Kalenga Oktoba 1894. Ganda moja la Lugalo na moja la Kalenga lenye alama ya pini ile ile lingetuonyesha silaha ya mvamizi ikimgeukia. Lakini magofu ya Kalenga yamezungukwa na makazi na mashamba, na kila msimu wa kilimo unapunguza nafasi hiyo.

Kisha wapo wapagazi. Katika vita vya 1914 hadi 1918 walikuwa wengi kuliko askari wa pande zote, wakibeba unga, risasi na maji, wakifa kwa kuhara damu, malaria na njaa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakumbukwi kwa jina au hawakumbukwi kabisa. Hawakupiga risasi. Ramani ya maganda, hata iwe sahihi kiasi gani, inachora vita ambavyo wao hawamo.

Kwa hiyo tusipime kilima peke yake. Waingereza walijenga reli ya kijeshi kutoka Voi kupita Maktau kuelekea Taveta, na kandokando yake kulikuwa na kambi, matangi ya maji, bohari na hospitali. Huko ndiko wapagazi waliko. Alama zao ni hafifu lakini zipo: mawe matatu ya jiko na udongo uliokolea wekundu kwa moto, majivu, madebe yaliyogeuzwa vyombo vya maji, shanga, vigae, safu ya mawe palipozikwa watu wengi kwa haraka. Kifaa cha metali hakitoshi hapo. Inatakiwa kutembea kwa macho wakati wa kiangazi, picha za droni asubuhi na jioni kivuli kinapolala, sampuli za udongo kupimwa fosfati, kemikali inayozidi udongoni palipokaa watu wengi, na wazee waulizwe mababu zao walitolewa wapi. Makaburi yakionekana hayafukuliwi. Yanapimwa, yanawekewa mpaka, na familia na viongozi wa dini wanahusishwa kabla ya hatua nyingine yoyote.

## Kwa aliye karibu na eneo hilo

Ukikuta kombora zima, liache. La 1916 bado linaweza kulipuka. Rudi ulikopitia, weka alama mbali nalo, zuia watoto, kawaambie polisi.

Ukikuta ganda, lipige picha lilivyolala, kisha kitako, ukiwa na kalamu au sarafu kando kwa kipimo, na uandike nukta za GPS. Liache. Kama limekwisha kuokotwa, usilisugue kwa ndimu wala mchanga. Herufi za kitako ndizo zinazofutika kwanza. Lifunge kwenye karatasi kavu, andika ulikolipata, lipelekwe makumbusho. Chuma kilichofukuliwa ni kigumu zaidi kukitunza: chumvi iliyomo hukipasua kikikutana na hewa, na kukiponya kunahitaji miezi ya kulowekwa katika maabara. Pasipo maabara, kifukiwe palepale baada ya kupimwa.

Mahandaki yasitiliwe saruji wala kujengwa upya ili yapendeze watalii. Ukuta mpya unaua wa zamani. Nyasi fupi zikishika kingo, maji ya mvua hayatabomoa, na njia ya wageni ipite kando, isipite ndani ya handaki. Machimbo ya kokoto na murram yapangiwe kwingine. Kandarasi ya barabara inaweza kuumaliza ubavu wa kilima kabla barua ya malalamiko haijajibiwa. Kaunti ya Taita-Taveta na halmashauri za Iringa zina mipango ya matumizi ya ardhi, na mipango hiyo hupitishwa baada ya maoni ya wananchi. Mkutano huo ndio mahali pa kupeleka mpaka uliopimwa: mahandaki ya chini, uwanja wa mbele yake hadi mwisho wa masafa ya risasi, na kambi za maji za reli pamoja na makaburi yake.